Mwalimu, Kimo Chake Kitafaa?

Kabla sijasema lolote lingine, nijibu lile swali, maana najua ndilo mtakaloulizwa kwanza, na mtaulizwa mpaka siku mtakapokabidhi funguo za bwalo. Hapana. Kimo hakihusiki. Mtoto mfupi anajifunza bale, mtoto mrefu anajifunza bale, na wa katikati naye anajifunza, akitaka. Swali hili nimelijibu mlangoni, kanisani, sokoni Same, kwenye foleni ya hospitali nikiwa sijiwezi kwa homa, na mara moja msibani, kaburi likiwa bado linafukiwa. Sasa nimestaafu, na nalijibu kwa maandishi ili nisilijibu tena kwa mdomo.

Ninyi vijana mnaopokea vipindi vya michezo na sanaa mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Nadhani mlitaka mambo ya ratiba na mitaala. Hayo yako ofisini, someni wenyewe. Mimi nitaandika yasiyokuwako ofisini: nilivyoanza, aliyenifundisha, lile bomba la ukutani, na habari ya msichana mmoja wa kijiji cha Kisiwani aliyekuwa na kosa moja tu maishani, la kurefuka.

Mimi ni mtu wa Kighare, huko Ugweno, ambako ukitoka nje ya nyumba ama unapanda ama unashuka. Nilipopangiwa kazi Same, kwenye sekondari ya wasichana iliyo chini ya mlima, kilichonishangaza kwanza ni tambarare, na pili ni upepo. Nilikuja kufundisha michezo. Nilijua netiboli, nilijua riadha, na nilijua kuwapigia watoto filimbi. Mkuu wa shule wa wakati ule alinipokea vizuri, akaniambia, "Mwenzako yuko bwaloni, nenda ukamsaidie." Nikaenda nikidhani nakwenda kusaidia kugawa chakula.

Nilikuta meza zimesukumwa ukutani na wasichana wameshika migongo ya viti, wanakunja magoti taratibu, wananyooka, wanakunja tena. Hakuna aliyekuwa anacheka. Mbele yao alisimama mwanamke mfupi ajabu, kanga kiunoni juu ya suruali ya michezo, anahesabu kwa sauti ya mtu aliyechoka kuhesabu. Huyo ndiye Mama Elieshi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Vua viatu."

Nikavua. Akanizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. "Kunja magoti," akasema. Nikakunja. "Goti lako linakwenda wapi?"

"Haliendi popote, mama."

"Linakwenda ndani. Lipeleke kule kidole cha pili kinakokwenda. Ukiwafundisha watoto kukunja goti limeangukia ndani, utanitengenezea vilema."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na ndilo ninalowaachia la kwanza. Goti juu ya kidole cha pili. Mengine yote yanaweza kungoja.

Mama Elieshi alipelekwa ng'ambo ujanani pamoja na wenzake wajifunze sarakasi, ili warudi kufundisha wengine. Huko walimwona miguu yake wakamhamishia chumba cha bale. Akarudi nyumbani na bale yake, na hakuna aliyejua aiweke wapi. Akazungushwa huku na huku mpaka shule yetu ilipomkubali, kwa sharti kwamba afundishe pia usafi wa mabweni. Ndivyo bale ilivyofika Same. Msitafute sababu nyingine ya maana zaidi, sikuwahi kuiona.

Alikuwa amezitupa zile istilahi za Kifaransa. Alisema zinawafanya watoto wafikirie midomo wakati yeye anataka wafikirie miguu. Kwa hiyo sisi tulikuwa na kukunja, kuburura, kupanda vidole na kurusha. Viatu vile vigumu vya kusimamia ncha ya vidole hatukuwa navyo na hatukuvitamani. Fundi viatu wa sokoni alitushonea vya turubai, vyepesi, vyenye lastiki. Sakafu ya bwalo ilikuwa saruji. Saruji inakula magoti, kumbukeni hilo mtakapoahidiwa ukumbi mpya na mtu anayesifia saruji. Tulitandika mbao kutoka milimani, tukaziinua kidogo juu ya vipande vya mpira wa matairi ili zinese. Mafuta ya maharage yalipomwagika wakati wa chakula cha mchana, tulisugua kwa majivu, kisha tukapaka unga wa utomvu wa msonobari chini ya viatu ili tusiteleze. Watu wa jikoni walitulaumu kwa majivu. Sisi tuliwalaumu kwa maharage. Nimeondoka kesi hiyo haijaisha.

Swali la kimo nililisikia kwa mara ya kwanza akiulizwa yeye. Siku moja mgeni mmoja, mama mwenye heshima zake, alimtazama kutoka juu akasema, "Lakini mama, wewe si mfupi kwa kazi hii?"

"Ni mfupi kwa kazi ya kutundika mapazia," akajibu. "Kwa hii natosha."

Nilicheka sana. Sikujua kwamba swali lile nitarithishwa pamoja na kanga na spika ya muziki.

Sasa habari ya bomba. Tulipochoka kushika migongo ya viti, shule ilikubali tuwekewe bomba la chuma ukutani, la kushika wakati wa mazoezi. Mama Elieshi alikuwa amelazwa, nami nilikuwa nimepeleka timu ya netiboli Ndungu. Fundi akamuuliza mkuu wa shule aliweke kimo gani. Mkuu akasema, "Weka wastani." Fundi akalisogeza mpaka kiunoni pake, akaona yeye ni mtu wa wastani, akapiga skrubu. Tuliporudi tulikuta bomba lisilomfaa yeyote aliyelihitaji. Wafupi walilining'inia mabega yakigusa masikio. Warefu waliliinamia kama wanaosha vyombo. Waliofaidika ni wachache wa katikati, na hao hawakuwa na shida hata kwenye viti.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Miaka yote hiyo watu walikuja kuniuliza kuhusu kimo cha mtoto. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu kimo cha bomba. Niliomba la pili. Bodi ya shule ikaniuliza kama la kwanza limevunjika. Nikasema halijavunjika. Basi, wakasema, la pili la nini? Nikaeleza. Wakaandika kwamba wamelipokea ombi langu. Mwaka uliofuata nikaomba tena, wakaniuliza kama la kwanza limevunjika. Nakiri kuna jioni nililitazama lile bomba nikawaza kulivunja.

Mama Elieshi alistaafu akarudi milimani, nami nikabaki na bwalo peke yangu. Wazazi sasa walikuja kwangu moja kwa moja. Kuna siku walikuja kina mama wawili mchana mmoja. Wa kwanza alishuka kutoka kwetu Ugweno na binti mdogo mdogo. "Mwalimu, tunaona ni mfupi, lakini tunamshughulikia. Kila asubuhi ananing'inia kwenye mti wa parachichi." Wa pili alitoka Ndungu na binti aliyempita mama yake. "Mwalimu, tunaona amezidi, lakini tunamkataza kulala amenyooka." Waliuliza swali moja, nikawapa jibu moja, na wote wawili waliondoka wakiamini nimewafariji tu. Binti wa Ugweno alikuja muhula ule akiwa na michubuko ya gome la mparachichi mikononi.

Mnisikilize sasa nieleze vizuri, kisha tusirudi hapa tena. Huko mijini na ng'ambo kuna makundi yanayotaka safu ya wachezaji wanaofanana, na hayo huangalia kimo wanapoajiri. Hilo ni la kuajiriwa. Kujifunza ni jambo jingine. Mtoto mfupi huwahi. Akiruka anatua mapema, kwa hiyo mfundishe kusubiri muziki. Mtoto mrefu huchelewa. Mkono wake una safari ndefu, kwa hiyo mpunguzie kasi mpaka aujue. Anayekua kwa haraka huamka asubuhi miguu si ile aliyolala nayo, akayumba, akadhani amesahau kila kitu. Hajasahau. Mwili umehama na yeye bado anatafuta mlango. Mpe muda. Ni hayo tu. Kinachotakiwa ni mgongo, sikio, na moyo wa kurudia jambo moja mpaka mwalimu achoke kabla yako.

Navoneiwa alikuwa na hivyo vyote. Tulimwita Navo. Baba yake alikuwa mfugaji wa Kisiwani, mtu wa maneno machache, aliyefiwa na mke, ambaye alimleta shuleni na sanduku, ndoo, na dumu la maziwa ya mgando. Mwaka wa kwanza Navo alikuwa mrefu. Mwaka wa pili sare zake zilikuwa zimeshushwa pindo mpaka hakuna pindo lililobaki. Alikuwa na masikio ya ajabu. Muziki ukipigwa mara moja alikuwa anaujua. Na alisimama nyuma.

Wote warefu walisimama nyuma. Hapa kwetu mtoto akianza darasa la kwanza tu anafundishwa kujipanga: wafupi mbele, warefu nyuma. Ndivyo mstarini asubuhi, ndivyo kwenye kwaya, ndivyo kwenye picha ya kipaimara, ndivyo kwenye halaiki. Nilijaribu kuwapanga kwa herufi za majina. Nikawapanga kwa mabweni. Nikawapanga kwa miezi ya kuzaliwa. Nikigeuka kuwasha spika, nikirudisha uso, wamekwisha kujipanga kwa kimo. Hakuna aliyewaamuru. Walisogea wenyewe kimya kimya, kila mmoja akimpisha mfupi wake kwa adabu. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Walisema, "Samahani mwalimu," wakatawanyika, na wimbo uliofuata wakarudi pale pale. Mwanzo wa mstari alikuwa yule wa Ugweno wa mparachichi, na mwisho kabisa, mgongo unakaribia ukuta wa nyuma, Navo.

Siku moja nilimwita aje mbele aone miguu yangu. Akasema, "Mwalimu, nikija mbele nitawaziba." Alisema kwa huruma, kama anayewahurumia wenzake kwa kupangiwa darasa moja naye.

Kisha ikaja sherehe ya wilaya, na kamati ikaomba wasichana wetu wacheze uwanjani mbele ya mgeni rasmi. Nilifurahi, sitaficha. Tuliandaa ngoma ya mavuno, hatua za bale juu ya ngoma za milimani, na katikati palikuwa na kipande cha mtu mmoja, mikono mirefu, hatua za polepole. Kipande hicho nilikitunga kwa ajili ya Navo na hakuna mwingine aliyekiweza. Alikifanyia kazi muhula mzima. Baba yake aliahidi kuja kumwona, yeye ambaye hakuwahi kuacha ng'ombe zake kwa siku nzima tangu alipofiwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuja kukagua. Alikuwa mzee mwema, ndiyo shida yenyewe, kwani mtu mbaya ungemjibu vibaya ukalala usingizi. Alikuwa amepanga watoto wa halaiki miaka mingi na aliipenda kazi hiyo. Aliwasimamisha wasichana mlangoni mmoja mmoja, akachora mstari wa chaki kwenye mwimo wa mlango. Waliofika kwenye mstari, upande huu. Waliopungua, waongeze soksi ndani ya viatu. Navo alipofika, mstari ulimfika shingoni.

"Huyu anatoboa safu," akasema.

"Ndiye anayecheza kile kipande cha katikati, Bwana Mwenyekiti," nikasema.

"Mwalimu, mgeni rasmi akitazama anatakiwa aone safu moja, nyoofu, kama ukuta."

"Bale si ukuta."

"Kila kitu kikipangwa vizuri ni ukuta." Akamgeukia Navo kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. "Wewe binti utashika bango la kamati. Bango linataka mtu mrefu."

"Sawa, babu. Asante," akasema Navo. Ndivyo walivyolelewa watoto wetu, wanashukuru hata wakipokonywa.

Nilibishana naye mpaka kwenye gari lake. Nilimfuata mkuu wa shule, akaniambia tusiwaudhi kamati kwa sababu ya hatua chache. Kile kipande cha katikati kilifutwa, na mahali pake wasichana wote wakazunguka duara, jambo ambalo hata kuku wanaliweza. Nilikasirika kiasi kwamba sikumwona Navo vizuri majuma yale. Nilipomwona, nilimwona kwanza magotini. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya uji, magoti yamekunjwa ndani ya sketi, mabega yameshushwa, anajaribu kuwa sawa na aliyekuwa mbele yake. Darasani nilimwambia, "Nyoosha," akanyoosha, nikageuka, akakunja. Uso wake ulikuwa umepungua. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ila siku hizi akienda nyumbani hanywi maziwa.

"Kwa nini?"

"Baba amesema tupunguze."

Nikachukua bodaboda mpaka Kisiwani. Njia nzima upepo ulinipiga vumbi usoni, nami nilikuwa nasema peke yangu ndani ya lile vumbi mpaka dereva akaniuliza kama naongea naye. Nilimkuta Baba Navo zizini.

"Karibu mwalimu. Habari za Same?"

"Si nzuri. Baba Navo, umemnyima mtoto maziwa?"

Akaegemea mlango wa zizi. "Sikumnyima. Nimempunguzia. Ndama nikitaka asikue haraka napunguza maziwa. Nikaona tujaribu."

"Mtoto si ndama."

"Najua si ndama, mwalimu. Lakini amerudi hapa amelia. Mtoto huyu hakulia hata mama yake alipokufa, alikaa tu. Sasa analia kwa sababu ya urefu, na urefu ameutoa kwangu. Nifanye nini? Nimempunguzia maziwa."

"Na ameacha kurefuka?"

"Hapana. Anazidi."

"Basi mrudishie maziwa."

Akacheka, lakini si sana. Kisha akaniuliza lile swali. Nilikuwa nimekwenda mbali hivyo, kwa vumbi lote lile, ili nikaulizwe lile swali. "Niambie ukweli, mwalimu. Kwa mambo hayo yenu, urefu una neno au hauna?"

Nikamwambia hauna. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe unasema hauna neno. Yule mzee wa kamati anasema una neno. Na mtoto anayesimama nje ni wangu. Baada ya sherehe mhamishie netiboli. Huko urefu ni mali."

Navo alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa jiko, tulimwona wote, maana ukuta ule haukuwa mrefu wa kumficha. Akatoka. "Baba," akasema, "netiboli naiweza. Mpira wananirushia tu, natumbukiza. Bale siiwezi bado. Ndiyo nataka kubaki."

"Ubaki kushika bango?"

Baba yake akanitazama kama anayeniambia, unaona? Nilirudi Same nikilia juu ya pikipiki, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, ingawa kwa lile vumbi hakuna aliyeweza kunitofautishia.

Siku ya sherehe upepo ulikuwa wa kwetu Same kabisa, ule unaovua watu kofia. Wasichana waliingia uwanjani safu moja, nyoofu, kama ukuta. Nyuma yao likasimama bango la kamati, la kitambaa kipana chenye maneno ya kumkaribisha mgeni rasmi, limefungwa kwenye miti miwili. Mti mmoja alishika mlinzi wa shule, ambaye naye walimchukua kwa sababu ya kimo. Mwingine alishika Navo. Kitambaa kiliwafunika kuanzia usoni hadi juu kidogo ya magoti. Mimi nilikaa pembeni kwenye viti vya walimu, na Baba Navo alikuwa amesimama na wafugaji wenzake upande wa pili, fimbo mabegani.

Ngoma zikaanza. Ukuta ukacheza. Ulipofika wakati wa kile kipande cha katikati, wasichana wakaanza kuzunguka duara lao, na mimi nikainamisha macho, sikutaka kuona. Ndipo nikasikia walimu wenzangu wananong'ona. Nikatazama. Bango lilikuwa linapanda upande mmoja. Likashuka, polepole, likapanda tena, likakaa juu kidogo, likashuka. Upande wa mlinzi ulikuwa umetulia kama jiwe, naye anageuza shingo akitaka kujua kuna nini. Chini ya kitambaa ilionekana miguu ya Navo, kwenye viatu vyake vya turubai, na miguu ile ilikuwa inacheza kile kipande. Chote. Ilikunja, ikaburura, ikapanda vidole, ikangoja muziki pale ninapowaambia siku zote wangoje na hawangoji. Goti lilikuwa juu ya kidole cha pili. Mikono haikuwepo, ilikuwa imeshika mti kwa nguvu zote dhidi ya upepo, lakini anayejua kutazama aliiona mikono pia.

Mwenyekiti alisimama, akakaa, akasimama tena. "Bango linacheza," alikuwa akisema. "Nani analichezesha bango?" Watu walianza kucheka, kisha wakaacha, wakawa wanatazama miguu. Mgeni rasmi aliinama kidogo kwenye kiti chake ili aone chini ya kitambaa. Nilikuwa nimesimama bila kujua. Ngoma zilipokwisha Navo alinyooka, bango likanyooka, na mambo yakaendelea kwa hotuba, ndefu.

Baba Navo alinisubiri langoni. Hakunisalimu. "Wale wa mbele na yule wa chini ya bango," akauliza, "nani walikuwa wanakosea?"

"Wale wa mbele walikosea mahali fulani. Yule wa chini hakukosea."

"Nilidhani hivyo," akasema, akaenda kutafuta usafiri wa Kisiwani. Habari ya netiboli haikuzungumzwa tena.

Jumamosi iliyofuata alikuja bwaloni na bomba. Lilikuwa refu, la chuma, la zamani, lililokuwa likipeleka maji kwenye birika la ng'ombe wake kabla hajaweka la plastiki. Alikuwa amelisugua. Alikuja na skrubu zake na drili ya kutobolea ukuta aliyoazima kwa jamaa yake. Nikamuuliza kama amepata kibali cha bodi. Akasema hajui bodi ni nini. Akamsimamisha Navo kwenye ukuta wa nyuma, kule alikosimama siku zote, akampima kiunoni, akapiga bomba lake hapo. Kisha akashusha lile la wastani la ukuta wa mbele likawafaa wafupi. Kazi niliyoiomba kwa miaka, aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Bodi ilipokuja kukagua iliandika kwamba ombi langu limetekelezwa.

Mwenye akili angedhani hapo maswali yalikwisha. Muhula uliofuata mzazi mmoja aliyaona mabomba mawili, akaniuliza, "Mwalimu, hili la juu ni la wanaofaulu?"

Navo alimaliza shule akaenda chuo cha ualimu. Aliendelea kurefuka kidogo huko, nasikia, kisha mwili ukamhurumia. Mwaka huu nilipokuwa najiandaa kuondoka niliambiwa mrithi wangu wa bale amepatikana, akaja, akainama mlangoni asigonge kichwa, akasema, "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, Navo," nikasema. Nilimpa ile kanga ya Mama Elieshi, ambayo kwake ni fupi.

Siku ya kipindi chake cha kwanza niliomba nikae kwenye benchi pembeni. Niliapa sitasema neno. Kabla hajaanza, mzazi mmoja alichungulia akiwa amemshika mkono mtoto mdogo, akanifuata mimi kwa sababu ya mvi. "Mwalimu, kimo chake kitafaa kweli?" Nikamwonyesha Navo kwa kidole, nikafumba macho.

Nilipofumbua, watoto walikuwa wanajipanga. Mnajua walivyojipanga. Wafupi mbele, warefu nyuma, kila mmoja akimpisha mfupi wake, na mwisho kabisa, karibu na ukuta, msichana mmoja mwembamba mrefu kutoka Ndungu, magoti yamekunjwa ndani ya sketi. Nilimtazama Navo. Aliwaacha wajipange. Nikasema moyoni, hata huyu. Hata huyu jamani, ameona kila kitu, na bado. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, kiapo nimekisahau.

Navo alichukua spika. Akapita katikati ya safu, polepole, akawapita wafupi, akawapita wa katikati, akaenda mpaka ukuta wa nyuma, akaiweka chini ya bomba la baba yake.

"Geukeni," akasema. "Mbele ni huku."

Wakageuka. Yule msichana wa Ndungu alijikuta wa kwanza. Akatazama kulia na kushoto akitafuta mtu wa kusimama nyuma yake, akamkosa. Navo alikuwa anamngoja, mkono mmoja juu ya bomba. Msichana akanyoosha magoti.